Chombo Kimerudi, Neema Karudishwa

Jumatatu, 9 Novemba
Nimesugua ofisi, nimerudi, nimeloweka maharage. Televisheni inasema chombo chenye wanaanga wawili kimeruka kwenda kituo cha anga. Kitafika Jumatano. Mdogo wangu Neema pia. Sijamwona tangu nikimbie Bukavu. Nimemwambia binti yangu Gloria kwamba wanashindana. Akajibu kwa Kiingereza kuwa mama mdogo hana roketi.

Jumanne, 10 Novemba
Mama Furaha, kiongozi wa kikundi chetu cha maombi, amepita kuuliza kama Neema amebeba mzigo wake. Amebeba. Kwetu msafiri hakatai mzigo wa mtu, wala haufungui. Nimenunua sombe, majani ya muhogo, ya barafu Thornton Heath, hapa London. Nimetandika kitanda.

Jumatano, 11 Novemba
Uwanja wa ndege wa Heathrow tangu asubuhi. Abiria wote wametoka, Neema hakutoka. Jioni watu wa uhamiaji wakaniruhusu kuongea naye kwa simu. Mzigo wa Mama Furaha: mkasi mkubwa wa fundi, futi ya kupimia nguo, blauzi zilizokatwa bado kushonwa. Afisa anasema Neema amekuja kufanya kazi, si kutembea. Visa haisaidii. Neema, asiyejua hata kutunga uzi.
"Yaya, niko nyuma ya mlango tu. Nasikia watu wakipokelewa."
Ananiita Yaya bado, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa.
Chombo nacho kimegusa kituo, hakikushika.

Alhamisi, 12 Novemba
Maombi kwa Mama Furaha. Nilidhani tutamwombea Neema. Tumewaombea wanaanga, kwa majina, akiyasoma gazetini. Mafuta yao yanapungua. Watu wamelia. Neema alipata "na wasafiri wote". Nikamwambia Mama Furaha kwamba mzigo wake ndio uliomponza Neema.
"Mama Gloria, mkasi wa marehemu baba ni dhambi?"
Kisha akauliza kama naweza kwenda kuuchukua. Namchukia. Sifuti.

Ijumaa, 13 Novemba
Neema amepandishwa ndege. Hatukuonana.
Chombo kimejaribu tena, kimeshindwa. Kimeamriwa kurudi duniani.

Jumamosi, 14 Novemba
Wanaanga wametua salama. Mablanketi, maua, wake zao wakilia. Mashujaa, anasema mtangazaji. Walifika mlangoni, hawakuingia, wakarudi. Makofi.
Mama Furaha amepiga simu: Mungu amejibu. Nimemkatia.
Neema naye ametua. Hakuna aliyempokea. Aliona haya kuwaambia watu kwamba anarudi.

Jumapili, 15 Novemba
Sikwenda kanisani. Nimepika sombe, tumekula na Gloria. Kisha nimetandua kile kitanda. Shuka halikuwa na kunyanzi hata moja. Nimelikunja, nimelirudisha kabatini.