Sauti ya Kuanzia

Jumapili, 4 Mei

Mheshimiwa mbunge amekuja kanisani kwetu leo. Kaleta spika mpya, ndefu kuliko mimi! Akaomba kipaza sauti — kusalimia tu, alisema. Salamu ikawa hotuba. Anapeleka muswada bungeni: mwanamume anayempenda mwanamume mwenzake afungwe maisha, na anayemficha naye afungwe. Si maneno yangu, alisema, akataja mstari wa Biblia, ni ya Mungu, mimi natumwa tu. Watu wakasimama wakapiga makofi. Mama pia.

Mjomba hakupiga. Alikaa kwenye kinanda, mikono magotini. Mjomba ni mdogo wake Mama, anakaa chumba cha uani kwetu, ndiye mwalimu wa kwaya. Nyimbo zetu nyingi katunga yeye. Umeme ukikatika hatuna wasiwasi: anaguna puani, mmm, na kila mtu anapata sauti yake ya kuanzia.

Nje, yule mama tunayemwita Soprano Mkuu akamuuliza: Mwalimu, mikono ilikuwa inauma leo? Akacheka peke yake. Kisha wengine wakacheka.

Jumanne, 6 Mei

Katibu wa kanisa kaja nyumbani. Kanywa chai yote iliyokuwa kwenye chupa, ndipo akasema. Kwaya imealikwa kwenye mkutano wa Mheshimiwa, Jumamosi ya wiki ijayo, uwanjani. Tutaimba "Nyumba Ina Nafasi" — wimbo wa Mjomba! Ila Mjomba mwenyewe apumzike kidogo.

Mama: Kwani kafanya nini?

Katibu: Dada, sisi hatusemi kitu. Tunasema watu wanasema.

Mama: Na wimbo wake?

Katibu: Wimbo ni wa kanisa.

Mjomba alikuwa amesimama mlangoni, kasikia yote. Akamuuliza katibu kama amwongezee sukari.

Alhamisi, 8 Mei

Mazoezi bila Mjomba. Soprano Mkuu akaanzisha wimbo mwenyewe — juu, juu mno! Tulipofika kwenye kiitikio mishipa ya shingo ilikuwa imetutoka. Fundi bomba, anayeimba besi, akapaza sauti: Mama, unatupeleka mbinguni kabla ya siku zetu! Tukacheka mpaka tukakaa chini. Akaanza tena. Juu tena. Mwisho wote wakanigeukia mimi. Wewe ni mpwa wake, kakufundisha, hebu toa sauti.

Nikatoa. Nimezoea kutii. Wimbo ukatoka mzuri, mzuri kabisa, na mimi nikafurahi — hilo ndilo linaloniuma sasa. Mchungaji akaniwekea mkono kichwani: Siku ya mkutano utaanzisha wewe, mwanangu.

Kisha mtu wa Mheshimiwa, aliyekuja kutusikiliza, akaomba badiliko dogo. Ubeti wa mwisho unasema "mlangoni yupo Bwana". Tuseme "mlangoni yupo Mheshimiwa". Nilidhani Mchungaji atamfukuza. Mchungaji akakohoa. Akasema ni kwa siku moja tu.

Jumapili, 11 Mei

Nimeharibu.

Baada ya ibada nilimfuata Mchungaji. Nilikuwa nimejiandaa kama ninayekwenda kwenye mtihani. Nikamwambia nimeusoma ule mstari anaoutaja Mheshimiwa. Upo, sikatai. Lakini juu yake kidogo, ukurasa uleule, kuna mstari wa wazinzi, na adhabu ni ileile. Mheshimiwa ana mke wa ndoa, na mwingine kampangia nyumba nyuma ya soko, mtaa mzima unajua. Mbona huo hauandikiwi muswada? Niliuliza kwa adabu, mikono nyuma.

Mchungaji akazitazama spika. Akasema maswali mengine humwingia mtoto kupitia kwa mtu mzima. Nani anakufundisha haya — mjomba wako?

Nilikwenda kumtetea Mjomba, nikamwongezea mzigo.

Bado naamini Mungu yupo. Nimemwomba asiwe yule wa kwenye hotuba.

Jumatano, 14 Mei

Mezani Mama kamwambia Mjomba: Jumamosi usionekane mjini kabisa. Nenda hata kwa rafiki yako. Kisha akasikia alichosema. Kijiko kikabaki hewani.

Rafiki wa Mjomba alikuwa fundi saa. Alikuwa haishi kuja kwetu, anaosha vyombo huku anaimba vibaya, mpaka alipohama. Tangu hapo Mama hajamtaja. Na sasa kuna hili neno "anayemficha". Chumba cha uani ni cha nyumba ya Mama.

Nikamfuata Mjomba uani. Anapiga pasi shati lake jeupe la kwaya. La nini, kama hatakiwi? Nikamwambia najua. Najua tangu niko darasa la tatu. Siku moja fundi saa alikuwa anamfunga Mjomba saa mkononi, na mtu hamfungi mwenzake saa polepole vile bure.

Akasimamisha pasi. Mbona hukusema?

Nikasema hukuniuliza. Akacheka. Kisha akawa hacheki.

Nikamwambia huo wimbo siuanzishi. Au nitauanzisha juu, juu kumshinda Soprano Mkuu, wakwame mbele ya umati wote! Akatikisa kichwa. Usinifanyie hivyo, mpwa wangu. Wimbo haujamkosea mtu. Uanze chini, wale wa besi wana mafua.

Nina hasira naye. Wenzake wanamfukuza, yeye anawaza koo zao!

Ijumaa, 16 Mei

Mtu kaandika neno kwa mkaa kwenye ukuta wa uani. Mama kalisugua kabla sijarudi kutoka shule. Jirani ndiye kaniambia lilikuwa neno gani, tena bila kuulizwa. Ukuta bado una unyevu. Mjomba kamwahidi Mama atabaki ndani kesho, mlango umefungwa.

Jumamosi, 17 Mei

Uwanjani. Naandika nyuma ya spika — ni zilezile za kanisani, zimemrudia mwenyewe. Benchi linatetemeka kila Mheshimiwa anaposema "Mungu". Kwaya tumeshavaa, tunasubiri kuitwa.

Mheshimiwa sasa hivi: Anayewakataa hawa watu ainue mkono, Mungu amwone!

Mama yuko mbele pamoja na akina mama wa kanisa. Hakuinua. Mke wa katibu akageuka, akamtazama. Mama akainua — kwanza usawa wa sikio, kama anayejikuna. Kisha juu kabisa. Wengine wameshusha, wake bado uko juu. Mama, shusha basi!

Mjomba yuko hapa! Kwenye uzio, na lile shati jeupe. Kaahidi atabaki nyumbani! Kauona mkono wa Mama? Kauona. Anatazama palepale. Watu walio karibu naye wanasogea mmoja mmoja, wanamwacha peke yake. Mwingine anamnyooshea kidole.

Mheshimiwa kaita kwaya. Wote wamesimama. Soprano Mkuu ananivuta vazi: Haya mtoto, acha kuandika, toa sauti! Mchungaji ananitazama mdomo.

Mjomba naye ananitazama. Kanyoosha kiganja, anakishusha polepole, kama siku zote za mazoezi. Chini. Anza chini.

Sauti ninayo. Imekaa puani, iko sawasawa kabisa, chini kama anavyotaka.

Uwanja umenyamaza. Soprano Mkuu anasafisha koo, anataka kuanza mwenyewe.

Mimi bado nimekaa.