Filamu ya Kiswidi Aliyobaki Nayo Zuwena

Dada Salma, shikamoo.

Huku Ibra, Omani, joto linapenya hata pazia, lakini kinachoniunguza ni huyu binamu yetu Zuwena. Jirani yake, bibi wa Kiswidi aliyewahi kufundisha Dodoma, kagundua kuwa Zuwena utotoni aliona Unguja filamu moja ya kwao, zile za mwanzo kusema. Kwao imepotea, haikubaki hata nakala moja. Basi kila alasiri anakuja kusimuliwa, na mimi sitazamwi. Ndiyo filamu ile mliyokwenda kuiona nyinyi wawili, mkaniacha kitandani na surua.

Jana mgeni hakujua kutikisa kikombe kuonyesha katosheka, kwa hiyo kahawa ikawa inamiminwa na hadithi inaendelea. Wivu ukanipanda. Nikamnong'oneza, "Kitikise, ndiyo adabu yetu." Akatikisa. Zuwena akafunika halua. "Kumbe nimemchosha," akasema, na tangu hapo kanuna, hasimulii tena.

Mwanamke wa filamu kabaki mlangoni na sanduku lake, theluji inaanguka. Aliondoka, au alirudi ndani? Wewe uliona. Niandikie mimi, usimwandikie Zuwena.

Nakubusu mikono,
mdogo wako Asya