Jenerali na Ndoa ya Zuhura

Jumapili, 6 Novemba 2016

Vikundi vinne vya wageni leo. Vyote nimevipitisha kwenye maisha ya Jenerali: luteni Bara Hindi, kapteni Afrika Mashariki, kanali vitani, jenerali, mwishowe mstaafu mwenye bustani ya waridi kwao Uingereza. Makumbusho yetu ni ghala la Al Quoz, hapa Dubai, baina ya gereji mbili. Arbab, tajiri wangu, alinunua mnadani sare, nishani na upanga wa Mwingereza huyo. Mimi nililetwa kueleza, kwa kuwa nimesomesha historia Mombasa miaka mingi. Naeleza vizuri. Hiyo ndiyo balaa yangu.

Ijumaa binti yangu Zuhura anaolewa. Arbab hataki kunipa pasipoti. Wajukuu wa Jenerali wanafika siku hiyohiyo na hakuna mwingine wa kuwaeleza. Nina hasira tangu asubuhi.

Jumatatu, 7 Novemba

Nimepata njia. Namfundisha Wasswa, mlinzi wetu, Mganda. Akiweza kueleza, Alhamisi naondoka.

Nilimfafanulia kwamba Jenerali alipanda cheo mara mbili kwa vita vya Afrika Mashariki, na kwamba mizigo yake yote ilibebwa na wapagazi. Majina yao hayamo ukutani. Arbab hapendi sehemu hiyo.

"Na yeye mwenyewe alibeba nini, mzee?"

"Fimbo."

"Basi hata mimi jenerali. Rungu ninalo."

Jumatano, 9 Novemba

Jana Wasswa alimstaafisha Jenerali kabla hajapigana vita vyovyote. Leo hakukosea. Arbab alimsikiliza mpaka mwisho, akapiga makofi. Moyo wangu ulikuwa tayari uwanja wa ndege.

Kisha akasema, "Khalas, kijana mzuri. Lakini wageni wanataka mzee."

Akamwita mandubu, karani wake wa pasipoti na viza, alete boksi. Ndani mlikuwa na kaptura ya kaki, mkanda na tarbushi nyekundu. Sare ya askari wa Jenerali. Nitasimama mlangoni nipige saluti, ndipo nieleze.

Nilidhani nimefungwa na ninachokijua. Kumbe ni mvi.

Alhamisi, 10 Novemba

Nimempigia mdogo wangu Athmani. Kwetu baba ndiye walii. Hukaa uso kwa uso na bwana harusi, wakashikana mikono mbele ya shekhe, na maneno ya kumwoza bintiye huyatamka yeye. Asipoweza kufika humpa mtu wakala, hata kwa simu. Hukumu hii nimewaeleza wengi. Sikuwahi kuihitaji.

Athmani akasema, "Kaka, ukipata ndege yoyote, njoo. Tutaisogeza ndoa mpaka baada ya Isha."

Hakuna ndege bila pasipoti. Nimemwambia wasisogeze.

Ijumaa, 11 Novemba

Simu ilitetema nikiwa katikati ya vita, wajukuu wamenizunguka. Nikaomba radhi. Wasswa akaidaka sentensi yangu na kuendelea nayo. Hakuna aliyejali.

Nilisimama nyuma ya kabati la nishani, na tarbushi kichwani. Shekhe aliuliza kama nimeridhia. Nikasema nimemwakilisha ndugu yangu Athmani kumwozesha binti yangu Zuhura. Nikamsikia Athmani akimwoza, na Said, bwana harusi, akikubali. Kisha vigelegele, vingi mno kwa simu ndogo.

"Yalla, mzee, picha!"

Nikaenda. Mjukuu mkubwa aliushika mkono wangu wa kulia kwa nguvu, hakuuachia mpaka mpiga picha alipotosheka. Ni mtu mpole. Nilimchukia.

Jumamosi, 12 Novemba

Mandubu ameleta pasipoti. Arbab kanipa ruhusa ya mwezi mzima. Pasipoti nimeiweka chini ya mto. Sina haraka nayo.

Zuhura alipiga simu baada ya Adhuhuri. Ana furaha, Said ni mcheshi, biriani ilitosha. Akaniuliza nilivaa nini wakati wa kutoa wakala, apate kunipiga picha moyoni.

Nikamwambia kanzu nyeupe.