Kikombe Kimoja cha Marakuja

Goma, Ndosho, 9 Juni 2025

Mama Kasoki mpenzi,

Salamu nyingi. Magoti yanaendeleaje? Mimi ni muzima, na furaha yangu imezidi mpaka majirani wananicheka. Mwezi moja wa ndoa! Ruffin amebeba mifuko minane ya udongo juu ya haya mawe ya volkano ili mche wako wa marakuja ushike. Umeshika! Huyo ndiye bwana, Mama.

Shida moja tu: usiku halali. Tangu akimbie vita Masisi, mulango ukigongwa anaruka. Unisaidie. Kwenu rezo ya simu haifiki, basi Katungu anayepita kwenu na kwetu na biashara yake ndiye simu yetu.

Binti yako,
Bénita

Kyondo, 28 Juni

Mwanangu,

Magoti yananibeba, Mungu asifiwe. Ua la marakuja ni la Mateso ya Bwana: taji la miiba, vidonda vitano, misumari mitatu. Linafunguka siku moja tu, basi Ijumaa Kuu tunalichuma asubuhi. Ua ni la kanisa. Majani ni ya usingizi. Chukua konzi moja kavu, mimina maji ya moto, funika, anywe jioni. Katungu anakuletea.

Mama yako

Goma, 20 Julai

Mama wangu,

Hamujambo huko? Ruffin analala! Nakaa namutazama kama sinema. Ila hataki kunywa peke yake. Anasema tuliapa kugawana yote. Basi kikombe kimoja, yeye upande huu, mimi upande ule. Jirani Charline anatutania: «Hata dawa? Akikohoa, utatapika wewe!» Kweli siku hizi harufu ya samaki wa sambaza inanichefua. Ni joto tu.

Binti yako

Kyondo, 5 Agosti

Bénita, weka kikombe chini. Hiyo siyo joto. Mwenye mimba hanywi majani hayo. Nilisahau kukuambia, machoni pangu ulikuwa bado mutoto. Nimemuomba Katungu akimbie.

Mama

Goma, 19 Septemba

Mama,

Salamu. Barua yako ilifika jana. Kwa sababu ya vita Katungu alizungukia Uganda, akakwama Bunagana, mupaka ulifungwa.

Mimba ilitoka tarehe ishirini Agosti. Muganga anasema labda siyo majani. Usijilaumu. Nimemusomea Ruffin barua yako, naye akakiosha kikombe, akakiosha tena. Hatunywi. Hatulali.

Leo ua la kwanza limefunguka. Nimehesabu misumari, ni mitatu. Ruffin alitaka kuling'oa. Nimemuambia aliache, jioni litajifunga lenyewe.

Binti yako