Simba Wawili wa Shingoni kwa Bibi

Mama yangu,

Shikamoo, kutoka huku Hamburg ambako baridi inauma masikio hata ndani ya kofia. Magoti yanaendeleaje? Dagaa wanakauka, au mvua imeng'ang'ania Mugango? Mimi mzima, bado namtunza yule mzee mpenda sarafu.

Barua hii nimempa Sista anayekuja Musoma. Akusomee yeye, mlango umefungwa. Sikupiga simu kwa sababu simu yako inakaa mfukoni mwa Masatu, na ninayemshuku ni huyo huyo Masatu, mdogo wangu wa tumbo moja.

Ni ile sarafu ya dhahabu ya Mjerumani aliyokuachia bibi, unayoivaa shingoni kwa uzi. Juzijuzi mzee alinionyesha sarafu zake, nikaona moja ina simba wawili wameshika ngao yenye ngome ya minara mitatu. Nikamwambia hiyo ndiyo yetu. Akafurahi, akasema zamani kila jimbo la Wajerumani lilikuwa na sarafu yake, na hiyo ni ya Hamburg. Nikamwomba Masatu picha.

Ikaja picha yako umevaa sarafu yenye kichwa cha mtu mwenye ndevu. Mzee akasema Hamburg haikuwahi kuwa na mfalme, kichwa kingetoka wapi? Nikampigia Masatu.

"We dada umekaa huko mpaka umesahau," akasema. "Hiyo ndiyo bibi alikuwaga anavaa."

Hakubabaika hata kidogo, nami nikazidi kumshuku. Kikulacho ki nguoni mwako. Tangu hapo simu zake sipokei.

Hapo juu niliandika jana. Leo nimeitazama tena ile picha aliyokupiga ukiwa umekaa mbele ya zizi. Nyuma yako wamesimama Baka na yule wa pembe iliyovunjika. Mama, si hao ng'ombe uliosema umewauza nipate nauli ya ndege? Na siku ile unanisindikiza stendi ya Bunda, mbona ulijifunga kitenge mpaka kidevuni na jua lile?

Hicho kichwa cha ndevu ulikinunua kwa wauza cheni wa mtaa wa Mukendo, shingo isionekane tupu? Niambie tu. Sitakugombeza, ila nitalia.

Msalimie shangazi wa Butiama, na jirani anayekuchotea maji. Masatu mwambie nitampigia mwenyewe, nimwombe radhi kwa jambo asilolijua.

Kumbe wale simba walinileta kwao.

Mwanao,
Nyangeta