Mama, Majibu ya Migomba Yamefika Itiryo

Mama yangu,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nyumbani Itiryo, jikoni kwako, kwenye kile kigoda ambacho baba, Tata wetu, bado anakikwepa kwa sababu kina mguu mmoja mfupi. Huu ni mwaka wa tatu tangu tukuzike. Leo sikuja kukulilia. Nina jambo la kukusimulia, jambo ulilolingoja miaka mingi ukaondoka halijatimia.

Nilikuwa kidato cha pili mnyauko ulipoingia shambani kwako. Majani ya migomba yaligeuka njano katikati ya masika, wakati ambapo hakuna mgomba wenye sababu ya kukauka. Ulipasua ndizi moja, ganda likiwa bado kijani, ndani imeoza na kuwa kahawia. Uliniita nione. Mikungu ile ndiyo wanunuzi wa Sirari walikuwa wakiifuata kila wiki, na ndiyo iliyoninunulia sare ya shule.

Mwezi uliofuata akaja yule kijana wa chuo kikuu, Deus, aliyekuwa akisomea shahada ya pili. Alikata vipande vya mashina akavitia kwenye mifuko ya plastiki. Alikuuliza maswali tangu asubuhi hadi jua la utosi, ukamjibu yote, kisha ukampikia ugali wa ulezi akala kwa maziwa ya mgando. Alifunga utepe mwekundu kwenye migomba minne akakuomba isiguswe mpaka atakapokuja tena.

"Nitarudi na majibu, mama," alisema.

Hakurudi. Tata alipotaka kuing'oa ile minne ulimkatalia, ukasema mgeni ametuachia kazi. Mingine iliyougua uliikata kwa panga, mmoja baada ya mwingine, na ukimaliza, Mama Bhoke wa jirani alikuwa akiliazima panga hilohilo kwenda kupunguza majani kwake. Nilipofika kidato cha nne shamba lako lilikuwa limekwisha, na lake pia. Ukaanza kuuza mihogo.

Hata hivyo hukuwahi kumsema vibaya yule kijana. Kila nilipofunga shule uliniuliza, "Hivi yule wa mifuko alifika salama kweli?" Ulidhani labda ameugua, labda basi lao lilipinduka. Haikukuingia akilini kwamba mtu anaweza kula kwako, akaahidi, halafu asirudi tu.

Mwaka wangu wa mwisho chuoni nilikuwa maktaba nikitafuta tasnifu kuhusu migomba. Nikafungua moja, nikakuta picha ya shamba lako. Bati la nyumba yetu lilionekana nyuma. Wewe uliandikwa "mkulima namba saba". Na majibu yote yalikuwemo humo, kwa Kiingereza: kwamba ugonjwa unapitia kwenye ua linaloning'inia chini ya mkungu, wadudu wanapolitembelea, na kwenye panga lenye utomvu wa mgomba mgonjwa. Ua livunjwe mapema kwa kijiti chenye panda. Panga lipitishwe motoni kabla ya kugusa mgomba mwingine. Mgomba wenye dalili ukatwe mara moja. Kijiti, moto na panga, mama, vyote ulikuwa navyo. Tasnifu ile ilikabidhiwa wakati nusu ya shamba lako bado imesimama.

Nilikuambia likizo ile, tukichambua maharage. Mikono yako ilisimama.

"Kwa hiyo la Mama Bhoke lilikufa kwa panga langu."

Nikaitikia kwa kichwa. Ukasema niende nikamwambie, nisimfiche. Niliahidi kwenda kesho yake. Kesho yake niliogopa, keshokutwa nikapanda basi kurudi chuoni. Halafu ukaugua, na tulipokuwa tunakuzika Mama Bhoke alinishika mkono muda wote wa ibada, na mimi nilikuwa bado sijamwambia.

Baada ya msiba niliajiriwa hapohapo chuoni. Ni ofisi ndogo, tuko watu watatu. Kazi yetu ni kuwasaidia watafiti ili walichokigundua kitoke kwenye karatasi kiwafikie wanaokihitaji: wakulima, wanunuzi, mabwana shamba, watu wa halmashauri. Nilipoelezwa kazi hiyo nilijua mlango wa kwanza wa kugonga.

Deus sasa ni daktari, mhadhiri, ana mvi. Nilikwenda nimejiandaa kumgombeza. Niliweka tasnifu mezani kwake, nikafungua kwenye picha, nikamwambia huyu namba saba ni mama yangu. Akaeleza kwamba walimpandisha cheo kwa machapisho ya utafiti ule, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza kama alirudi kijijini. Nikadhani anajitetea. Kisha akasema, "Fedha za utafiti ziliisha siku niliyokabidhi. Lakini nauli ya basi nilikuwa nayo." Aliuliza kama ungali hai. Nikamwambia. Alivua miwani, hasira yangu ikakosa pa kwenda.

Tukaja Itiryo. Kabla ya mkutano na kina mama wakulima nilikwenda peke yangu kwa Mama Bhoke, nikamkuta anapukuchua mahindi, nikamweleza habari ya panga. Hakuacha kupukuchua. "Panga nililiazima mwenyewe," alisema. "Mama yako hakujua, na mimi sikujua. Sasa tumejua. Tunafanya nini?"

Nimemwambia, mama. Nilichelewa, lakini nimemwambia.

Nilikuwa nimeandaa ukurasa mmoja wa Kiswahili rahisi, nikiuonea fahari. Kina mama waliupokea, wakaukunja, wakasema twende shambani. Mama Bhoke akayarudia maelezo yote kwa Kikurya, na akamkosoa daktari: nani atabeba moto shambani wakati wa mvua? Wakakubaliana kuweka ndoo ya maji yenye dawa ya kuondolea madoa kwenye nguo, na kulichovya panga humo. Deus alikiri kwamba dawa hiyo inafaa, na kwamba hakuwahi kufikiria mvua. Aliandika mambo mengi siku ile kuliko siku ya mifuko.

Siyo kila kitu kimekwenda sawa. Wawili walikata tamaa wakapanda mahindi, na shamba moja liliugua tena kwa sababu mwenye mji alikata majani bila kuchovya panga. Lakini kikundi walichokiunda siku ile kipo. Wanauza machipukizi safi, na kina mama wa Nyansurura wamekodi gari wakaja kuyanunua na kujifunza. Wanunuzi wa Sirari wameanza kupita tena, wengine wakiongea kile Kiswahili cha ng'ambo ya mpaka kilichokuwa kikikuchekesha. Jana tumekata mkungu wa kwanza kwenye shamba lako, tulilolipanda upya kwa machipukizi hayo. Tata ndiye anayevunja maua, na hataki kusaidiwa.

Mwezi uliopita tulimwalika Mama Bhoke chuoni aongee na wahadhiri. Alivaa kitenge chake cha kanisani. Mmoja wao alimuuliza wakulima wanatarajia nini kutoka kwa watafiti. Alifikiri kidogo, akajibu bila kupandisha sauti:

"Mkija kutuuliza, tutawajibu. Ila mje mmeandika siku ya kurudi."

Nilimwona Deus, kiti cha nyuma, ameinamisha kichwa. Wiki iliyofuata mkuu wa ofisi yetu aliongeza mstari mmoja kwenye fomu ya kila anayeomba kufanya utafiti vijijini: utarudi lini, kwa nani, na utaongea kwa lugha gani. Baadhi wamelalamika kwamba ni usumbufu. Wanaijaza hivyohivyo.

Kesho asubuhi nakwenda Kenyamonta na binti mmoja anayetafiti namna ya kuhifadhi mahindi yasibunguliwe. Ana haraka, ana maswali mengi, na viatu vyake havifai kwa tope la huko. Lakini tangazo lake limeshabandikwa kwenye ofisi ya kijiji tangu wiki iliyopita, na tarehe ya kurudi imeandikwa kwa herufi kubwa kuliko jina lake.

Pumzika, mama. Tata anakusalimu.

Mwanao wa mwisho,
Robi