Kwa Baba Mdogo, Kuhusu Ile Bereti

Baba Mdogo wangu mpendwa,

Huku sote wazima, isipokuwa wewe. Usinune. Ungekuwepo ungecheka wa kwanza. Nimeanza hivi kwa sababu ninalotaka kukwambia ni zito, na mimi mzigo mzito huwa naunyanyua nikiwa nacheka, unanijua.

Kwanza ujue kijana wako ni mtu mkubwa siku hizi. Pale mnadani Bunda ukiulizia kofia unaonyeshwa mimi. Mitumba imejaa, marobota yanafunguliwa, wenzangu wanagombania suruali na sweta, mimi nazoa kofia tu. Darasa la saba nilimaliza kwa kusukumwa, lakini mtu akitokea kule mwisho wa mnada nishajua kichwa chake kinaingia kofia gani. Hakuna wa kuniweza. Na elimu hiyo sikuipata kwa mwalimu, niliipata kwako Kiriba, baba aliponileta ninyooshwe.

Unakumbuka Jumapili zile? Watu wametoka kanisani, Mama Mdogo kaweka sato jikoni, na wenzako wanaingia. Sajini Magesa anatoka Butiama na baiskeli yake, Koplo Wambura anatoka Nyakato. Wote watatu mlirudi kutoka vita vya Uganda na mikono yenu na miguu yenu, sasa kitu cha kubishania kikabaki kichwa. Kichwa cha askari kivae nini? Mlikuwa hamchoki!

Koplo Wambura alikuwa mtu wa kofia ya kitambaa, ile laini yenye ukingo kuzunguka. "Jua haliingii machoni, mvua haiingii shingoni, ukichoka unaikunja unailalia," alisemaga. Sajini Magesa anamkatisha: "Na risasi je? Unaikunja unailalia?" Yeye alikuwa wa kofia ya chuma. Chuma kinakinga, chuma unachemshia chai, chuma unanawia uso, chuma unakalia kwenye matope.

Hapo ndipo ulipokuwa unainuka, Baba Mdogo. "Magesa, kitu umekikalia na matako, halafu unakiweka kichwani? Hiyo si kofia, hiyo ni sufuria. Mvua ikinyesha inalia kama bati la shule, mzinga unakuja huusikii. Shingo inauma wiki nzima!" Kisha unanyoosha mkono, na mimi najua kazi yangu: naingia ndani kuleta bereti.

Sajini alikuwa anaichokoza hiyo bereti mpaka basi. Haina ukingo, imefumwa kwa sufu ya baridi na sisi tuko juani, haizuii mvua, haizuii risasi, inazuia nini? Nawe ulimjibu mara moja, nakumbuka, ulikuwa umeipakata kama kifaranga: "Inanizuia mimi nisikimbie."

Hakucheka mtu siku hiyo.

Na ulivyokuwa unaitunza! Bereti haivaliwi hivihivi, uliniambia, bereti inafundishwa. Unailoweka kwenye maji ya uvuguvugu, unaikamua taratibu, unaivaa mbichi, unaivuta ilalie sikio la kulia, beji juu ya jicho la kushoto. Halafu unakaa juani mpaka ikaukie kichwani kwako mwenyewe. Ulikuwa unakaa pale kwenye jiwe kubwa nyuma ya nyumba, maji yanakutiririka mashavuni, watu wanapita kwenda kisimani wanakusalimia kama mgonjwa. Hukutikisika. Ikishakauka hivyo, ulisema, hata ukiitupa chini inaendelea kukumbuka kichwa cha mwenyewe.

Sasa nakuja kwenye dhambi yangu.

Wiki ile ulipata barua kwamba waliopigana vita waje Musoma mjini kwenye gwaride la siku ya mashujaa. Uliisoma ukasimama, ukaisoma tena. Na mimi, kijana wa miaka kumi na sita mwenye masikio makubwa kuliko akili, nikaona kama gwaride ni letu sote. Ukaenda shamba. Nikaitwaa bereti, nikatelemka nayo Mugango mwaloni, wanaposhushia samaki. Baba Mdogo, nilitembea! Wasichana waliokuwa wanaanika dagaa waliacha kuanika. Mmoja akaniita, "Afande, saluti yako iko wapi?" Nikapiga saluti kubwa, nikaikumba bereti kwa kiganja, ikaangukia kwenye ndoo ya dagaa wabichi.

Walicheka mpaka wakakaa chini. Mimi nilikuwa nanusa. Ilinuka dagaa kama imezaliwa nao.

Sabuni unaikumbuka ilivyokuwa miaka ile. Unapanga foleni asubuhi, ukifika mbele unaambiwa imekwisha. Nyumbani tulikuwa tunafulia maji ya majivu, na mashuka Mama Mdogo alikuwa anayachemsha kabisa kwenye majivu hayo, yanatoka meupe pee. Nikafikiri: kama shuka linatakata, bereti itashindwa? Nikatoa beji, nikawasha moto, nikaichemsha. Tena nikaikoroga na mwiko, nikijipigia mluzi.

Niliyoitoa haikuwa bereti. Ilikuwa kitu kidogo, kigumu, kinene, cha kumvika mtoto anayetambaa. Nilivuta kwa mikono, nikavuta kwa meno. Ikagoma. Nikaifungia pamoja na beji yake kwenye sanduku langu la bati, chini ya madaftari ya darasa la saba, mahali nilipojua hakuna binadamu anayeweza kutamani kusoma.

Asubuhi ya gwaride ulitafuta. Ulitafuta kabatini, uvunguni, mpaka kwenye gunia la mtama. Mama Mdogo alikuwa anaapa hajaigusa, maana yeye ndiye aliyefagia chumba. Ukaniuliza mimi. Nikasema, "Labda panya, Baba Mdogo."

Ukaniangalia usoni, halafu ukaangalia mikono yangu, iliyokuwa imechubuka na maji ya majivu. Ukasema, "Kapake mafuta hiyo mikono." Basi. Nikajisifu moyoni kwamba nimemdanganya mwanajeshi.

Ukatoka nje, ukamwaga maji ya kuku kutoka kwenye ile kofia ya chuma uliyoiokota Uganda, ukaisugua kwa mchanga, ukaivaa. Tukaenda hivyo mpaka mjini, mimi nyuma yako hatua kumi. Uwanjani wenzako wote wana bereti zimelala vizuri masikioni, wewe peke yako unang'aa kama sufuria. Yule luteni kijana akakuambia, "Mzee, vita imeisha." Ukamjibu, "Iliisha na hii ikiwa kichwani, afande." Watu wakacheka. Akakupanga mstari wa mwisho kabisa, nyuma ya watu warefu. Na wewe ulikuwa umeisubiri siku ile kuliko harusi yako.

Wakati tunarudi Sajini Magesa alikuwa anaimba juu ya baiskeli. "Ameokoka! Mtu wa bereti ameokoka!" Ndipo ukaitwa Sufuria, jina uliloipa kofia ya chuma likarudi kukukalia. Nilingoja ukatae. Hukukataa. Jumapili iliyofuata ulisema mbele yetu sote kwamba umefikiri sana, Magesa ana haki, chuma ndiyo kofia. Koplo Wambura akakuita msaliti. Miaka yote mpaka unakufa ulishika neno hilo, na kila mgeni alisimuliwa jinsi Sufuria alivyoikana bereti.

Mimi nami niliamini. Ndiyo maana mwaka jana nilipoikuta bereti kwenye robota, nzima, rangi karibu ileile, nilikuletea kwa kukutania tu. Ulikuwa umeshakonda. Ukaigeuza, ukatia kidole kwenye vitundu vya beji ya watu wengine. "Hii ya nchi nyingine," ukasema. "Kichwa hiki kiliapa mara moja. Na usiiuze, ni vazi la jeshi, utafungwa." Ukanirudishia, ila ulichelewa kidogo kuiachia. Sikuelewa, muuza kofia mzima.

Siku ya kukuzika, Sajini Magesa alileta ile kofia ya chuma, ameing'arisha, akaiweka juu ya jeneza mpaka tulipokushusha kaburini. Koplo Wambura akasema kwa sauti ya chini, "Huyu alikuwaga mtu wa bereti, Magesa. Sijui nini kilimgeuza." Sajini akamjibu, "Kilimgeuza ukweli." Mimi nilikuwa katikati yao, nikachukua koleo. Tukakuzika na uongo wangu juu yako.

Baada ya matanga Mama Mdogo aliniambia nitoe lile sanduku langu nililoliacha kwenu miaka yote, anataka nafasi. Nikalifungua. Madaftari yapo juu kama nilivyoyapanga. Chini yake bereti ipo, lakini si nilivyoiacha, Baba Mdogo. Niliifungia ikiwa imesinyaa kama kiazi cha kuchoma. Sasa imevutwa, imelalia kulia, pindo limenyooka. Beji imeshonwa juu ya jicho la kushoto, kwa uzi wako mweusi wa kushonea nyavu. Ndani ilikuwa na umbo la duara, dogo, kama la goti.

Nilikaa chini pale kwenye sakafu. Nikakuona juu ya lile jiwe, umeloweka bereti isiyokuingia tena, umeivisha goti lako, unangoja ikauke. Sijui ni mwaka gani. Kisha ukairudisha chini ya madaftari yangu, ukaenda kuitwa Sufuria.

Jumapili iliyopita nilikwenda nayo Butiama. Koplo Wambura alikuwepo. Nikawaeleza yote, ndoo ya dagaa, majivu, mwiko, panya. Koplo alipiga makofi, "Nilisema! Si nilisema?" Akanivuta sikio, akacheka, akafuta macho. Sajini Magesa hakucheka. Aliichukua bereti, akajaribu kuivisha ngumi yake, ikakaa vizuri. Akaigeuza huku na huku, muda mrefu. Mwisho akasema:

"Kwa hiyo miaka yote hiyo, mimi nilikuwa peke yangu."

Halafu akanyoosha ile ngumi yenye bereti mbele ya kifua chake, akaipigia saluti kwa mkono mwingine. Koplo akasimama. Mimi nami nikasimama, na safari hii mkono wangu haukukumba kitu.

Jina la Sufuria limefutwa, Baba Mdogo. Kofia ya chuma imerudi kwa kuku, maji hayavuji. Bereti iko juu ya kabati la Mama Mdogo, mbali na moto. Mikono yangu naipaka mafuta.

Pumzika. Mstari wa mbele ni wako.

Mimi mtoto wa kaka yako,
panya wa Kiriba